Maswali ya Wasomaji: Stendi ya Kupanda Mti

Karibuni tena kwa ukurasa wenu. Mwezi huu nimeweka pamoja barua za kitu kimoja manake zilikuja zikifuatana, na najua wengi hamjawahi kuiona hii kitu na macho, kwa hivyo wacha nieleze kwanza. Stendi ya kupanda mti ni kiti cha vipande viwili, cha alumini ama chuma. Kipande cha juu unakalia, cha chini unakanyaga, na kila kimoja kiko na kebo inayozunguka shina la mti, alafu upande wako kuna meno yanayouma gome. Ukiweka uzito kinabana, ukitoa uzito kinalegea unakisukuma juu kidogo. Hivo ndivyo mtu anapanda shina refu lisilo na tawi hata moja, anafika juu, anakaa, anangoja mnyama apite chini. Kule Marekani wawindaji wengi sana wanaitumia. Hapa kwetu Kenya hatuwindi, na hiyo tutaifikia.

SWALI: Habari za huko nyumbani. Mimi ni mtu wa Kisumu, nimetoka Nyalenda, sahi niko Wisconsin nafanya kazi kwa kiwanda. Wenzangu kazini wamenialika twende kuwinda kulungu mwezi wa kumi na moja na wameniambia nitafute stendi yangu ya kupanda. Nikiangalia kwa intaneti naona za kila bei na kila umbo, nimechanganyikiwa kabisa. Mimi ni mzito, kilo 118, na sijapanda mti tangu nikiwa mtoto nikiiba maembe. Ninunue gani na ninaitumia vipi? – Msomaji, Green Bay

JIBU: Ndugu yangu, nimefurahi umeuliza kabla ya kulipa. Wacha nianze na karatasi kabla ya chuma. Wisconsin mtu aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1973 ama baadaye lazima awe amefanya kozi ya usalama wa uwindaji ndio apewe leseni, ama aende chini ya mpango wa kuwinda na mtu mzoefu karibu yake, kwa hivyo uliza hao wenzako wanakupeleka kwa njia gani. Msimu wa bunduki wa siku 9 unaanza Jumamosi ile inatangulia Sikukuu ya Shukrani, na wakati huo angalau nusu ya nguo yako ya nje kutoka kiuno kwenda juu lazima iwe ya rangi ya chungwa kali, ama ile pinki kali waliyoruhusu 2016. Na kama uko huko na viza ya muda, si ya ukaazi wa kudumu, tafadhali usishike bunduki ya mtu kabla hujajua sheria yao ya serikali kuu inasema nini juu yako, manake mgeni wa viza ya muda kwa kawaida hakubaliwi kuwa na bunduki isipokuwa ako na leseni halali ya kuwinda ama ruhusa nyingine iliyotajwa kwa hiyo sheria. Hilo si jambo la kuuliza ukishafika porini.

Sasa stendi. Watu wengi wanaanza na bei, wengine wanaanza na ulaini wa kiti. Mimi nataka uanze na uzito wako, juu kwako wewe ndio jambo lenyewe. Stendi nyingi zimeandikwa pauni 300, ambayo ni kilo 136 hivi. Unaona 118 unasema niko ndani, lakini hiyo 136 ni ya kila kitu kinachoning'inia kwa ule mti. Weka viatu vya baridi na koti na suruali nzito, kilo 6 ama 7. Weka bunduki na darubini yake, kama 4. Weka begi na chai na risasi na kamba, 5 ingine. Umefika 134. Umebakisha kilo 2 na hujala kiamsha kinywa. Kwa hivyo wewe tafuta ile ya pauni 350, karibu kilo 159. Ziko, na huwa pana zaidi, na zina uzito kidogo zaidi mgongoni ukitembea, lakini wewe hauna chaguo lingine la busara hapo.

Baada ya uzito angalia umbo. Kuna zile za kukaa na kusimama, zenye kipande cha juu kina fremu inakuzunguka, unakaa ndani yake unavuta miguu juu. Na kuna zile za mikono, kipande cha juu ni kidogo na unajivuta na mikono kila hatua, ni nyepesi kubeba lakini zinataka mtu mwenye nguvu ya mabega kuliko uzito wake. Kwa kilo 118 na mtu hajapanda mti miaka mingi, chukua ya kukaa na kusimama bila kufikiria mara mbili. Kama unawinda na bunduki, ile yenye fremu imezunguka mbele inakufaa juu unaweza kupumzisha bunduki hapo. Kama utakuja kutumia upinde baadaye, fremu ya mbele itagonga upinde ukivuta, watu wa upinde wanataka mbele wazi. Alumini ni nyepesi, nyingi ziko kati ya kilo 9 na 14, na ukibeba kilomita moja gizani kwenye theluji utajua tofauti ya kila kilo.

Alafu tafuta alama ya TMA, hicho ni chama cha watengenezaji wa stendi za miti huko Marekani. Stendi yenye hiyo alama imepimwa kwa viwango vyao na inakuja na hanesi ya mwili mzima, ile mikanda ya kukushika ukianguka, ndani ya boksi, na video ama maelezo ya usalama. Soma hayo maelezo yote. Kila mtengenezaji ako na namna yake ya kufunga kebo, na pini ya huyu haitoshi ya yule.

Lakini ndugu, stendi ni ya tatu kwa orodha. Ya kwanza ni mti, ya pili ni hanesi. Nimeona watu wametumia mia tatu za dola kwa kiti alafu wakatumia dakika moja kuchagua mti, na mti ndio unashika kila kitu. Unataka mti uko hai, umenyooka, hauna matawi mpaka pale unataka kukaa, hauna uvimbe, hauna mashimo ya ndege, hauna uyoga kwa shina. Upana wa shina kwa stendi nyingi ni inchi 8 mpaka 20, yaani ukizungusha futi ya fundi nguo upate kama sentimita 65 mpaka 160. Na usipime chini tu. Mti unapungua ukienda juu, kwa hivyo ule ambao chini umetosha vizuri unaweza kuwa mwembamba sana pale mita 6. Gome nalo lina maneno. Gome la mwaloni ni zuri, meno yanashika. Miti yenye gome laini inateleza, hasa asubuhi yenye barafu. Na kuna ile hikori ya huko yenye gome linabanduka vipande virefu, hiyo meno yanauma gome lililokufa na gome linatoka na wewe. Mbechi mweupe, ule wanauita birch, unaokauka unaweza kuonekana mzima kwa nje na ndani umeoza umekuwa unga. Achana nayo yote. Na usiweke kamwe kwa nguzo ya stima.

Kupanda kwenyewe ni hivi. Vaa hanesi ukiwa chini, sio ukifika juu. Funga mkanda wa hanesi kwa mti kabla mguu haujatoka ardhini. Funga vipande viwili vya stendi pamoja na ile kamba inakuja nayo, tafadhali usiiache kwa boksi, manake kile cha chini kikitoka miguuni kikaanguka, bila hiyo kamba wewe umebaki umekalia kipande cha juu mita 5 hewani na hauna pa kukanyaga. Ukifunga kebo chini, ifunge ili ubao wa miguu uinuke mbele kidogo, manake mti ukiwa mwembamba huko juu ubao utashuka na kuwa sawa. Ukiufunga ukiwa sawa chini, juu utakuwa umeinama mbele na wewe utateleza nao. Kisha simama, inua kipande cha juu karibu na kifua, kiweke kibane, kalia, vuta miguu juu pamoja na ubao, bana, simama. Kila ukisogea sogeza na mkanda wa hanesi ubaki juu ya kichwa. Hatua ndogo. Watu wa haraka ndio stendi yao inakaa upande.

Bunduki haipandi na wewe. Inabaki chini haina risasi, chemba iko wazi, umeifunga kwa kamba na mdomo ukiangalia chini, na ukishakaa na hanesi imefungwa ndio unaivuta. Mita 5 mpaka 6 inatosha. Kuna wale wanajisifu ati wamekaa mita 10, huko juu pembe ya kupiga inakuwa mbaya, risasi ama mshale unapata pafu moja badala ya mawili na mnyama anaenda kufia mbali kwa mateso, na kila mita unaongeza ni mita ya kuanguka. Kaa pale upepo unatoka njia ya kulungu unakuja kwako, usikae pale unapeleka harufu yako kwao.

Kabla ya hiyo siku, fanya mazoezi nyuma ya nyumba ya mmoja wenu, mchana, mita moja tu kutoka chini, na nguo zote nzito utakazovaa. Panda shuka panda shuka mpaka mikono ijue. Halafu mwambie mtu ni mti gani utakuwa na utarudi saa ngapi.

SWALI: Mwandishi, mimi ni mama wa hapa Kakamega. Kijana wangu wa pili ako Minnesota na amenitumia picha amekaa juu ya mti na hiyo kiti, akicheka. Nilipomuuliza amejifunga na nini akaniambia ako na mshipi kiunoni na ati hanesi inamkaba. Tafadhali nimwambie nini? – Mama, Kakamega

JIBU: Mama, asante kwa kuandika, na hofu yako ni ya haki kabisa. Mwambie mshipi wa kiuno ulikuwa unatumika zamani na wakaona unaua kwa njia ingine. Mtu akianguka na mshipi wa kiuno peke yake, uzito wote unavutwa na tumbo ama unapanda kwa kifua, anashindwa kupumua, na anaweza kugeuka kichwa chini atoke kabisa. Hanesi ya mwili mzima inapita mabegani, kifuani na mapajani, na inamshika akiwa wima. Hakuna mbadala wake.

Kama inamkaba basi iko na shida inayotengenezeka. Labda ni saizi ndogo, labda aliipima akiwa na fulana na sasa anaivaa juu ya majaketi mawili, labda mikanda ya mapaja imejipinda. Aivae nyumbani na nguo zote za baridi, akae kwa kiti cha kawaida, asimame, aguse vidole, airekebishe mpaka asahau ameivaa. Mkanda unaoenda kwa mti ufungwe juu ya kichwa chake ili akikaa uwe karibu kunyooka. Ukiwa umelegea sana ataanguka umbali mrefu kabla haijamshika, na huo mshtuko peke yake unaumiza.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawaambiwi. Mtu akianguka na hanesi imemshika, bado hajapona. Akining'inia bila kusonga, mikanda ya mapajani inabana na damu inakaa miguuni hairudi vizuri kwa moyo, na ndani ya dakika chache anaweza kuzirai. Ndio sababu hanesi nzuri zinakuja na kijikamba cha kukanyaga, anakitoa anakitia mguu anasimama juu yake, anapunguza ile kubana, anasukuma mti na mguu ule mwingine, anatafuta njia ya kurudi kwa stendi. Mwambie hicho kijikamba akijue kiko mfuko gani akiwa amefunga macho. Na simu iwe kwa mfuko wa kifua. Simu iliyo kwa begi, na begi limening'inia kwa tawi ng'ambo ile, haimsaidii mtu anayening'inia.

Mama mwambie pia aangalie tarehe kwa lebo ya hanesi. Watengenezaji wengi wanasema ibadilishwe baada ya miaka 5, na ikishashika mtu ameanguka hata mara moja inatupwa, hata kama inaonekana mpya. Mpigie leo jioni. Msimu ukianza hatakuwa na masikio.

SWALI: Kaka yangu alirudi kutoka Atlanta na kontena na ndani aliniletea hii stendi ya mti, iko sawa haina kutu. Mimi niko Shinyalu karibu na msitu. Nataka kujua naweza kuitumia kwa kuwinda funo na pia tumbili wanaomaliza mahindi yetu? – Msomaji, Shinyalu

JIBU: Hapana ndugu yangu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 imeendelea na msimamo huo huo, uwindaji wa mchezo ni kosa, wa kitoweo cha nyumbani ni kosa, na wa kuuza nyama pia ni kosa. Haijalishi funo ni mdogo ama ameingia shambani kwako. Tumbili wakimaliza mahindi unaripoti kwa KWS, shirika la serikali la wanyamapori, na najua mtu amelala njaa hapendi kusikia hivyo, mimi mwenyewe naona wakulima wa kando ya msitu wameachiwa mzigo mkubwa kuliko haki yao. Lakini ukipanda juu ya mti na upinde pale Shinyalu unaenda jela. Usifanye.

Lakini stendi yenyewe usiitupe, manake uko mahali pazuri sana duniani pa kukaa juu ya mti ukiwa na kamera ama darubini. Msitu wa Kakamega ni kipande cha aina ile ya msitu wa mvua wa Kongo, kimebaki huku kwetu peke yake, na kuna ndege hapo ambao mtu wa Nairobi lazima aendeshe gari siku nzima kuwaona. Yule shorobo mkubwa wa bluu, mwenye kishungi na mdomo wa njano na nyekundu, anakula matunda juu kwa vilele na ukiwa chini unaona tumbo na mkia tu. Hondohondo weusi na weupe wanapita na mabawa yanapiga kelele unawasikia kabla hujawaona. Mbega nao wanakaa huko juu. Ukiwa mita 5 unaanza kuwaona kwa usawa wa macho, picha inabadilika kabisa.

Sasa masharti. Ndani ya msitu hauingii na stendi bila ruhusa. Upande wa kaskazini, Buyangu, uko chini ya KWS, na upande wa Isecheno uko chini ya KFS, shirika la misitu, kila mmoja ana ofisi na utaratibu wake, nenda uliza kwa mdomo na uchukue kibali kwa maandishi. Meno ya stendi yanaumiza gome, kwa hivyo wakikataa kwa miti ya msitu wako sahihi na usibishane. Isitoshe miti mikubwa ya huko haifai, shina ni pana kupita kebo, imezungukwa na mitambaazi, chini ina mizizi imesimama mithili ya kuta. Pahali pa kuitumia ni shambani kwako, ukingoni, ukiangalia upande wa msitu.

Na shambani mti gani? Huo ndio mtego wa huku kwetu. Mkaratusi umenyooka, hauna matawi, unakuita kabisa, na gome lake ni laini na linabanduka kwa karatasi, mvua ya saa nane ikinyesha unakuwa sabuni. Mimi siwezi kukushauri upande mkaratusi na meno ya stendi. Mukima uliopogolewa vizuri, ule grevilea wa mipakani, ukifika upana wa sentimita 25 na kuendelea ni mzuri, gome linashika, ila yale makovu ya matawi yaliyokatwa yanazuia kebo kupita sawa, chagua uliopogolewa mapema makovu yakajifunika. Saipresi mzima pia sawa. Mwavokado na mwembe una matawi, pale tumia ngazi tu.

Kwa vile ni ya mitumba, kabla hujapanda kagua kila kebo kwa urefu wote, pindua, piga mkono na glavu. Uzi mmoja wa waya umetoka, hiyo kebo imekwisha. Angalia chomelezo kwa mwanga kama kuna ufa. Hesabu pini na nati, linganisha na maelezo ya mtengenezaji, mengi yako kwa intaneti ukiandika jina na modeli, na angalia hapo hapo kama modeli hiyo iliwahi kurudishwa kiwandani kwa sababu ya hitilafu. Hanesi iliyokuja nayo, kama haina tarehe inayosomeka, nunua ingine mpya.

SWALI: Mimi ni mpiga picha wa ndege hapa Nakuru. Nimeonyesha fundi wa jua kali video ya hiyo stendi na akaniambia anaweza kuichomelea kwa siku mbili kwa mabomba ya inchi moja. Ni sawa? – Mpiga picha, Nakuru

JIBU: Fundi wako najua ana mkono, Nakuru kuna mafundi wanatengeneza mageti na trela na vinu vya kusaga ambavyo vinadumu kuliko vya dukani. Lakini hii nakuomba uikatae, na umweleze ni kwa nini. Fremu ataiweza. Shida iko pahali tatu. Kebo, ambayo lazima iwe ya waya wa chuma wa daraja linalojulikana, na mwisho wake umebanwa na mashine, sio umekunjwa ukagongwa na nyundo. Meno, yawe na pembe inayozidi kubana ukiongeza uzito, ukikosea pembe kidogo yanateleza pale pale mtu anasimama. Na chomelezo pale kebo inashikana na fremu, hapo kila hatua unapanda nguvu inavuta inaachia, inavuta inaachia, na ufa unaanza ndani mahali macho hayaoni. Kiwandani wanapima sampuli kwa uzito zaidi ya ule umeandikwa. Karakana haina hiyo mashine, na mtu wa kwanza kupima atakuwa ni wewe na kamera yako shingoni.

Kile fundi anaweza kukutengenezea vizuri sana na mimi ningependa umpe hiyo kazi, ni kibanda cha miguu minne kama mita 2 na nusu ama 3, na ngazi imeshikiliwa ndani yake, reli pande zote, na miguu inafungwa na bolti ili uibebe kwa pikapu. Hiyo haitegemei meno wala mti, uzito unaenda chini moja kwa moja. Funika na turubai la kijani na neti, acha dirisha la lenzi. Kwa ndege wa kando ya maji na mashambani ya Njoro na Rongai hauhitaji mita 6, ndege wanazoea kitu kisichosonga ndani ya siku chache. Na ile migunga ya manjano mizuri ya Ziwa Nakuru wacha kabisa, ni ya hifadhi, huwezi shuka kwa gari ukapanda mti, na ina miiba.

SWALI: Mimi nafuga nyuki Eldama Ravine, mizinga ya magogo iko juu ya miti, wazee wetu walikuwa wanapanda na kamba. Hii stendi inaweza kunisaidia kuvuna? – Mfugaji nyuki

JIBU: Kwa kutundika mzinga mtupu mchana, inawezekana. Kwa kuvuna, hapana mzee wangu. Kushuka na stendi ni polepole, mkono huu na mguu huu, sentimita 30 kwa mara moja, na mikono yote miwili imeshughulika. Nyuki wetu wakichacha wanakuja usoni na mtu anataka kuruka. Akiruka ameanguka, asiporuka hanesi imemshikilia pale pale wanapomuuma. Njia zote mbili ni mbaya.

Tundika mzinga kwa kamba na roda, hiyo kamba uifunge kwa shina mahali watoto hawafiki, jioni unaushusha pole pole na moshi uko tayari, unavuna ukiwa umesimama kwa ardhi, unaurudisha juu. Na kama unaongeza mizinga mipya fikiria ule wa vipau uliotengenezwa hapa hapa Kenya miaka ya sabini, unaning'inizwa kwa waya usawa wa kiuno kati ya nguzo mbili, paka waya grisi chungu wasipite, nyegere naye anashindwa kuufikia vizuri. Ule haujui mambo ya kupanda mti.

SWALI: Stendi yangu nimeiweka stoo tangu msimu uishe huko. Kuna haja ya kuitunza ama naifungua tu mwaka ujao? – Msomaji aliyerudi likizo, Bungoma

JIBU: Kuna haja, na zaidi ni ile hanesi. Ioshe na maji ya uvuguvugu bila sabuni kali, ikauke kwa kivuli sio kwa jua, manake jua linakula nailoni, kisha iweke kwa ndoo yenye kifuniko manake panya wanapenda sana ile mikanda ikiwa na jasho la chumvi. Usiiweke karibu na betri ya gari wala jerikeni ya petroli. Kebo zifute na kitambaa kikavu, pale plastiki imepasuka ikaonyesha waya ndani maji yameingia, badilisha na ile ya mtengenezaji, sio waya wa dukani. Legeza nati, angalia, kaza tena. Ukirudi huko, panda mita moja kwanza.